Kesi ilifutwa, mbona bado inaonekana? Mahakama za Minnesota, faili lako, na wanaoruhusiwa kulisoma

Swali limetoka kwa dada mzaliwa wa Arusha anayeishi Brooklyn Park, Minnesota, na anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Kwa kifupi anasema hivi: mwaka 2022 aligombana na jirani kwenye maegesho ya magari, polisi wakaitwa, akaandikiwa makosa mawili, shambulio la daraja la tano na kufanya fujo. Wakili wa umma akamtafutia makubaliano kwamba akikaa mwaka mmoja bila kosa jipya kesi itafutwa. Mwaka ukaisha, ikafutwa. Sasa ameomba kazi kwenye nyumba ya wazee na mwajiri kamwambia kuna jambo limeonekana. Na papo hapo anajiandaa kujaza fomu ya uraia. Anauliza: "Kama kesi ilifutwa, kwa nini bado ipo? Nani anaiona? Na naweza kuiondoa kabisa?"

Dada yangu, pole na usumbufu, na nianze na jibu lenyewe. Kesi ikifutwa, mashtaka ndiyo yanayokwisha. Kumbukumbu haziguswi. Mahakama iliandika kwamba ulishtakiwa, ikaandika pia kwamba mashtaka yaliondolewa, na kwa kuwa yote mawili yalitokea, yote mawili yanabaki kwenye faili. Kulifunga faili lisisomwe na watu ni hatua nyingine yenye sheria yake. Hatua hiyo ipo, na kwa hali uliyoieleza una nafasi nzuri. Ila kabla hujaigusa, kwa sababu bado si raia, kuna jambo la kutangulia ambalo watu wetu wengi huliruka: chukua kwanza nakala za faili lako zenye muhuri wa mahakama. Nikimaliza utaona kwa nini nalisisitiza hivi.

Tuanze na mahali kesi yako ilipopita. Marekani kila jimbo lina mahakama zake, mbali kabisa na mahakama za serikali kuu ya shirikisho. Ugomvi, talaka, mirathi, kodi ya nyumba, ajali za barabarani, wizi na mauaji, karibu vyote huishia mahakama za jimbo. Minnesota ina kaunti 87 zilizogawanywa katika wilaya 10 za kimahakama, na kesi zote huanzia Mahakama ya Wilaya. Kaunti ya Hennepin, uliko wewe, ina watu wengi kiasi kwamba ni wilaya peke yake, ya nne. Ramsey, yaani Saint Paul na viunga vyake, ni ya pili. Kwa sisi tuliozoea ngazi ya Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi, halafu Mahakama Kuu, hapa ngazi ya kusikiliza ushahidi ni moja tu. Jaji yuleyule anaweza kusikiliza tiketi ya mwendo kasi na kesi ya mauaji. Asiyeridhika hukata rufaa kwenye Mahakama ya Rufaa, iliyoanza kazi mwaka 1983, yenye majaji 19 wanaokaa watatu watatu. Juu yake ni Mahakama ya Juu ya Minnesota yenye majaji saba, ambayo huchagua kesi nyingi inazotaka kuzisikiliza, isipokuwa mauaji ya daraja la kwanza ambayo rufaa yake huenda huko moja kwa moja. Majaji hupigiwa kura na wananchi kwa vipindi vya miaka sita bila kutaja chama, ingawa wengi huingia kwanza kwa kuteuliwa na gavana nafasi inapokuwa wazi, na wote hustaafu wakifika miaka 70.

Kuna jambo hapa linalokuhusu moja kwa moja. Makosa madogo, yale ambayo adhabu yake haizidi siku 90 jela na faini ya dola 1,000, kwa kawaida hushtakiwa na mwanasheria wa jiji. Makosa makubwa hushtakiwa na mwanasheria wa kaunti. Shambulio la daraja la tano lisilo na mazingira ya kuliongezea uzito ni kosa dogo, kwa hiyo aliyekushtaki ni mwanasheria wa jiji. Jina la ofisi hiyo utalihitaji mbele, maana ndiyo yenye haki ya kupinga ombi lako la kufunga faili. Watu hupeleka karatasi kaunti, wakasubiri miezi, kumbe ofisi ya jiji iliyoshtaki haikuwahi kupata taarifa.

Sasa faili lenyewe. Kule nyumbani hukumu za mahakama za juu tunazisoma kwenye tovuti za TanzLII au Kenya Law, lakini jalada liko masijala, na raia asiyehusika na kesi hana mazoea ya kuingia kuliomba. Hapa mwanzo wa mambo ni kinyume. Mahakama ya Juu ya Minnesota imetunga kanuni za wananchi kuzifikia kumbukumbu za mahakama, na kanuni ya pili inatamka kwamba kumbukumbu za mahakama zote huchukuliwa kuwa wazi kwa mtu yeyote kuzikagua na kuzinakili saa za kazi, isipokuwa pale kanuni, sheria au amri ya jaji inaposema vingine. Haulizwi wewe nani wala unalitakia nini faili. Mwandishi wa habari, mwenye nyumba, mchumba, adui yako, wote wana haki ileile.

Najua hili linauma likikuangukia wewe. Lakini naliunga mkono kwa moyo wote. Mahakama ina nguvu ya kukunyang'anya mtoto, nyumba na uhuru. Ikifanya hivyo gizani, mnyonge ndiye wa kwanza kuumia, hasa mgeni asiye na mtu wa kumsemea. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Richmond Newspapers dhidi ya jimbo la Virginia, ilithibitisha kwamba wananchi wana haki ya kikatiba kuhudhuria kesi za jinai. Minnesota wenyewe tuliona faida ya uwazi mwaka 2021, kesi ya polisi Derek Chauvin kwa mauaji ya George Floyd iliporushwa moja kwa moja kutoka Minneapolis. Watu wa Nairobi, Goma na Muscat walisikia ushahidi uleule uliosikiwa na jopo la wananchi 12 waliomtia hatiani, na hati zilizowasilishwa hadharani katika faili lile bado zinaweza kusomwa na yeyote.

Namba ya faili hilo ni 27-CR-20-12646, na ukijua kuisoma unaweza kuisoma namba yoyote ya kesi Minnesota, ikiwemo yako. Tarakimu mbili za mwanzo ni kaunti. Kaunti 87 zimepangwa kwa alfabeti zikapewa namba, Hennepin ikaangukia 27, Ramsey 62. Herufi zinazofuata ni aina ya kesi: CR ni jinai, CV ni madai, FA ni mambo ya familia, PR ni mirathi. Kisha mwaka kesi ilipofunguliwa, hapa 2020, na mwisho namba ya mfuatano. Prince, mwanamuziki, alipofariki Aprili 2016 bila kuacha wosia, mirathi yake ilifunguliwa Kaunti ya Carver kwa namba 10-PR-16-46. Ukiitazama tu unajua: Carver, mirathi, 2016, shauri la 46. Yako basi itakuwa 27-CR-22 na tarakimu nyingine mbele yake. Itafute kwenye karatasi zako za zamani, iandike mahali, maana kila ofisi utakayoingia itakuuliza namba kabla ya jina.

Namba hiyo unaweza kuiingiza kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama uitwao Minnesota Court Records Online, watu wanauita MCRO. Ni bure. Utakutana na orodha ya mwenendo wa shauri, ambayo kwenye mfumo imeandikwa Register of Actions: kila kilichotokea, tarehe kwa tarehe, nani alikuwa jaji, nani wakili, shtaka gani, lilimalizikaje. Kwa aina kadhaa za kesi unaweza kufungua na hati zenyewe, zile zilizowasilishwa kuanzia Julai 1, 2015. Lakini si kila kitu kilicho wazi mahakamani kiko wazi mtandaoni. Hati nyingi za talaka na malezi ya watoto, kwa mfano, lazima uende mwenyewe mahakamani ukazisomee kwenye kompyuta ya wananchi. Mahakama iliamua kwa makusudi kwamba kuweka jambo wazi kwa anayefunga safari kuja kulisoma si sawa na kulitawanya duniani kote. Nadhani waliamua vizuri.

Na hapa ndipo jibu la swali lako linapojificha. Kanuni hizo zina kinga maalumu kwa kesi ya jinai ambayo haijafikia kutiwa hatiani, iwe bado inaendelea au imefutwa. Mtandaoni, kesi ya namna hiyo haitakiwi kupatikana kwa kuandika jina la mshtakiwa. Mwenye namba ataiona, mwenye jina tu hataiona. Ndiyo maana pengine ulijitafuta mwenyewe kwa jina ukakuta kweupe, ukadhani faili limefutika. Lakini kompyuta zilizopo ndani ya jengo la mahakama hazina kizuizi hicho. Mtu akiketi pale akaandika jina lako, kesi ya 2022 inatokea. Kampuni binafsi zinazochunguza historia za watu kwa ajili ya waajiri na wenye nyumba zinalijua hilo, na zina watu wa kwenda mahakamani kunakili.

Hiyo ni njia moja ambayo huenda mwajiri aliiona. Njia ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi kwa kazi yako. Nyumba za wazee na huduma za majumbani Minnesota hazitegemei kampuni binafsi tu. Wafanyakazi wake huchunguzwa na Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo, DHS, chini ya sura ya 245C ya sheria za Minnesota. Uchunguzi huo unaona zaidi ya anachoona mwananchi. Na kuna kipengele kinachowashtua wengi: DHS inaweza kumzuia mtu kufanya kazi hata kama hakuwahi kutiwa hatiani, ikiwa ushahidi uliopo, kwa uzito wake, unaonyesha kwamba kitendo alikifanya. Kipimo hicho ni chepesi kuliko kile cha mahakama ya jinai. Shambulio la daraja la tano liko kwenye orodha ya makosa yanayoweza kumzuia mtu kwa miaka saba.

Kwa hiyo kabla ya kubishana na mwajiri, mwombe akuonyeshe taarifa ilitoka wapi. Kama ni barua ya DHS, barua hiyo inakuja kwako pia, na ina tarehe ya mwisho ya kuomba wafikirie upya. Tarehe hiyo usiipitishe hata kidogo. Katika ombi unaweza kueleza kwamba taarifa si sahihi, au kwamba huna hatari kwa unaowahudumia, na hapo barua za wasimamizi wako wa zamani, vyeti vya mafunzo na amri ya kufutwa kwa kesi vina uzito mkubwa. Kama ni kampuni binafsi, sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri akupe nakala ya ripoti kabla hajakunyima kazi kwa ajili yake, na wewe una haki ya kuipinga kwa kampuni. Nao wanapaswa kuichunguza, kwa kawaida ndani ya siku 30. Ripoti inayosema ulishtakiwa bila kusema kesi ilifutwa ina kasoro. Wabane hapo.

Kuna chombo cha tatu watu hukichanganya na mahakama, nacho ni Ofisi ya Upelelezi wa Jinai ya jimbo, BCA. Hiyo hutunza historia ya jinai inayofungamana na alama za vidole. Upande wake ulio wazi kwa wananchi una waliotiwa hatiani tu, na kwa miaka 15 tangu mtu amalize adhabu yake. Kesi yako iliyofutwa haipaswi kuonekana upande huo. Mtu anaweza kuwa safi BCA na bado akaonekana mahakamani, au kinyume chake, kwa sababu ni ofisi mbili zenye daftari mbili.

Je, unaweza kuiondoa? Kinachowezekana Minnesota ni kuifunga kwa lakiri, jambo ambalo fomu zinaliita expungement. Faili halichomwi. Linabaki, ila mwananchi hawezi kulifungua, na karani akiulizwa hatasema lipo. Sheria yake ni sura ya 609A, na siku hizi kuna milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa moja kwa moja, bila wewe kuomba. Bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2023 sheria inayojulikana kama Clean Slate Act, ikaanza kutumika Januari 1, 2025. Inaitaka BCA itafute yenyewe watu wanaostahili: kesi zilizofutwa, makubaliano yaliyotimizwa bila mashtaka mapya kwa mwaka mmoja, na hata baadhi ya waliotiwa hatiani, kwa mfano makosa madogo mengi baada ya miaka miwili na makosa ya kati baada ya miaka mitatu. Kuendesha umelewa na shambulio la nyumbani havimo. Ukiniuliza, hii ni sheria ya heri, kwa kuwa waliokuwa wakinufaika zamani ni wale tu waliojua njia. Lakini usikae ukiitegemea. Kwa kesi za kabla ya 2025 inagusa zile tu zilizokuwamo ndani ya mfumo wa BCA, na mfumo huo unajengwa kwa alama za vidole. Kama siku ile ulipewa karatasi ya wito ukaenda nyumbani, na hukuchukuliwa alama za vidole baadaye, huenda BCA haina habari zako kabisa, na mashine haiwezi kufunga isichokijua.

Mlango wa pili ni kuomba mwenyewe, na kwako ndio ninaoupendekeza hata kama wa kwanza uko wazi. Fomu ziko kwenye tovuti ya mahakama za Minnesota na kwenye vituo vya kujisaidia vilivyomo mahakamani. Unajaza ombi, unaeleza kesi na kwa nini unataka ifungwe, unalipeleka mahakama ileile iliyosikiliza kesi, na nakala unazituma kwa kila ofisi yenye kumbukumbu zako: polisi wa jiji, mwanasheria wa jiji, mwanasheria wa kaunti, BCA, na nyingine zilizotajwa kwenye fomu. Tarehe ya kusikilizwa haiwi chini ya siku 60 baada ya kuzipelekea ofisi hizo taarifa. Kwa aliyetiwa hatiani, mzigo wa kumshawishi jaji ni wake. Kwa kesi iliyoisha kwa faida ya mshtakiwa, na kwa makubaliano yaliyotimizwa, mzigo unageuka: jaji anatakiwa akubali ombi, mpaka ofisi inayopinga ithibitishe kwa ushahidi mzito kwamba maslahi ya umma yanazidi madhara unayopata wewe. Ada ya kufungua ombi husamehewa kwa kesi iliyoisha kwa faida ya mshtakiwa, na asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha kwa kipato. Uliza karani yako inaingia fungu gani.

Sababu ya kukupendekezea mlango huu ni DHS. Sheria inairuhusu idara hiyo kutumia taarifa ilizozipata hata baada ya mahakama kufunga faili, isipokuwa kama ilipewa taarifa ya ombi lako na amri ya jaji ikaielekea yenyewe kwa jina. Nimeona watu wakishinda mahakamani, wakafurahi, kisha kwenye kazi inayofuata DHS ikaleta jambo lilelile. Hawakuiandika kwenye orodha ya wanaopelekewa taarifa. Wewe iandike. Ni mstari mmoja kwenye fomu, na kwa mtu wa kazi yako hauna mbadala.

Sasa uraia, na hapa tafadhali soma taratibu. Serikali ya shirikisho haifungwi na lakiri ya jimbo. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa au kushtakiwa, na maelekezo yake yanataka ujibu hata kama kumbukumbu zilifungwa au mtu alikuambia huna rekodi. Kujibu "hapana" kwa kesi iliyofutwa ni kosa baya kuliko kesi yenyewe, kwa sababu afisa atakuwa na alama zako za vidole mbele yake na suala litageuka kuwa la ukweli wako. Utajibu "ndiyo," na utaambatanisha karatasi za mahakama zilizothibitishwa zinazoonyesha ilivyoisha. Faili likishafungwa, kuzipata karatasi hizo ni safari ndefu, na kama karani hawezi hata kusema faili lipo, atakupaje nakala? Ndiyo maana nimesema nakala kwanza, kufunga baadaye.

Halafu kuna swali la kile ulichosema mbele ya jaji mwaka 2022. Sheria ya uhamiaji ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani. Inatosha kwamba mtu alikiri kosa, au alikubali mambo yanayotosha kumpata na kosa, na jaji akaamuru adhabu au kizuizi cha aina yoyote. Jimbo likija kufuta kesi baadaye, kwa macho ya uhamiaji hatia inaweza kuwa bado imesimama. Minnesota ina makubaliano ya aina mbili ambayo kwa mshtakiwa yanafanana kabisa, mwaka mmoja kisha inafutwa. La kwanza huandikwa Continuance for Dismissal, na kwa kawaida hapo mshtakiwa hakiri kosa lolote. La pili huandikwa Stay of Adjudication, na hapo unakuwa umekiri, ila jaji ameacha kuandika hatia. Kwa jimbo yote mawili yanakwisha salama. Kwa uhamiaji la pili ni hatari. Angalia kwenye orodha ya mwenendo wa shauri lako yapo maneno gani, na kama kuna mstari wa kukiri kosa. Ukikuta Stay of Adjudication, au ukiona usilolielewa, simamisha kila kitu, usipeleke N-400 mpaka wakili wa uhamiaji asome faili zima. Ninasema wakili mwenye leseni, si mjazaji fomu wa mtaani.

Uhamiaji wenyewe una mahakama yake, Fort Snelling, lakini hiyo ni ya shirikisho na mafaili yake hayasomwi na wananchi. Mwenye kesi huko hufuatilia kwa namba yake ya A, yaani namba ya faili lake la uhamiaji. Mahakama nyingine za shirikisho ziko wazi kupitia mfumo uitwao PACER, kwa senti 10 kila ukurasa, na hautozwi kabisa kama matumizi yako ya miezi mitatu hayazidi dola 30. Kesi yako haikupita huko, kwa hiyo siendelei.

Wapangaji wameniuliza swali linalofanana na lako, na jibu lake ni jepesi zaidi siku hizi. Tangu Januari 1, 2024, kesi ya kufukuzwa nyumba Minnesota haionekani kwa wananchi mpaka hukumu ya mwisho itolewe, na ukishinda au kesi ikifutwa mahakama inapaswa kuifunga. Hata aliyefukuzwa, baada ya miaka mitatu faili hufungwa. Zamani kufunguliwa kesi tu kulitosha kumnyima mtu nyumba kwa miaka mingi.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huuhuu. Wiki hii nenda mwenyewe dirishani kwa msimamizi wa mahakama, kwenye jengo la Kaunti ya Hennepin katikati ya Minneapolis, ukiwa na kitambulisho na namba ya kesi. Omba nakala zilizothibitishwa za vitu vitatu: hati ya mashtaka, orodha ya mwenendo wa shauri, na amri au kumbukumbu ya kufutwa kwa kesi. Kwa sheria ya jimbo nakala iliyothibitishwa ni dola 14 na ya kawaida dola 8, kila hati. Chukua seti mbili zilizothibitishwa, moja ya uhamiaji na moja ya kuhifadhi, na ya kawaida ya kumpa mwanasheria. Kabla hujaondoka pale dirishani hakikisha kila hati ina muhuri na saini, maana nakala isiyo na muhuri uhamiaji wataikataa, na ukikuta jina lako limekosewa herufi au tarehe ya kuzaliwa si yako, sema hapohapo.

Ukishazisoma na wakili akaridhika na neno lililoandikwa, jibu barua ya DHS ndani ya muda wake, kisha ndipo ufungue ombi la kufunga faili, na DHS ikiwa kwenye orodha. Siku ya kusikilizwa, kama Kiingereza cha mahakamani kinakupa taabu, omba mkalimani wa Kiswahili mapema kwa msimamizi wa mahakama. Analipwa na mahakama, hulipi wewe, na usikubali mtoto wako au rafiki akutafsirie mbele ya jaji. Jaji akikubali ombi, amri huwa haianzi kazi papo hapo: ofisi zinapewa siku 60 za kukata rufaa. Siku hizo zikipita, chukua nakala iliyothibitishwa ya amri yenyewe, na itume kwa kila kampuni ya uchunguzi iliyowahi kutoa ripoti yako. Sheria ya Minnesota inazitaka kampuni hizo zifute kumbukumbu mara zikijua kwamba imefungwa, na njia ya uhakika ya kuzifanya zijue ni barua yako iliyo na risiti ya posta.